Mafundo Matatu ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na bati la karakana limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu. Fundi mkuu ameniambia ataliziba mwisho wa wiki. Nimecheka, naye akacheka, maana sote tunajua halizibwi.

Daftari hili binti yangu aliniletea niandike vipimo vya kazi. Naandika jambo jingine. Leo jioni nimemdanganya mama mkwe wangu, na sina mtu wa kumwambia.

Mimi nashona majeneza. Mbao ni kazi ya Fundi. Yangu ni bitana, mto na shuka la juu. Maiti akishalazwa naitwa nimfunike. Shuka linakunjwa kutoka pande mbili, kisha nalishikiza kifuani kwa mishono saba. Ule wa saba hatuufungi fundo. Tunaacha uzi wa urefu wa kidole, unaning'inia tu. Utaratibu huo aliuanzisha baba yake Fundi, aliyekuwa mzee wa kanisa: alisema huyu tunamfunika, hatumfungi, kwa sababu ataamka. Wateja hawajui. Miaka kumi na tisa nimewaachia uzi wazee, vichanga, mwizi mmoja aliyepigwa na watu, hata mwenye nyumba wetu wa zamani, ambaye Mungu mwenyewe anamjua. Niliyemfunga ni mmoja, mume wangu. Nilimpiga mafundo matatu, moja juu ya jingine, na uzi nikaukata kwa meno.

Leo tulikuwa tunakunja nguo, mimi na Mama, yaani mama yake marehemu, ambaye naishi naye. Akaniuliza ghafla, "Hivi mwanangu ulimwachia uzi wake?"

"Nilimwachia, Mama."

"Mrefu?"

"Mrefu."

Akatabasamu, akaendelea na soksi. Utaratibu wetu niliwahi kumsimulia mwenyewe zamani, kwa mdomo wangu huu usio na breki.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Majeneza mawili, moja la mtoto.

Jumapili, 9 Machi

Kiongozi wa kwaya ametukamata mlangoni mwa kanisa. Jumapili ya tatu baada ya Pasaka wanataka kumkumbuka marehemu, maana atakuwa ametimiza miaka mitatu. Wataimba nyimbo alizozipenda, na Mama atasimama aseme neno. "Ile sauti nzito, dada! Mpaka leo hatujapata wa kuziba pengo lake." Mama alilia kwa furaha. Mimi nikasema asante.

Sauti alikuwa nayo, sikatai. Akiimba kuhusu kaburi tupu hata mimi nywele zilikuwa zinanisimama, na nilikuwa nimekaa pale na kifundo cha mkono wa kushoto kilichopinda, alichokibana kwa mlango wa chumbani mpaka kikavunjika. Watu tuliwaambia niliteleza bafuni. Fundi wa cherehani anayeteleza bafuni mara tano kwa mwaka, na hakuna aliyeshangaa.

Alhamisi, 13 Machi

Leo Mama kaniuliza tena habari ya uzi. Ulikuwa mweupe au wa rangi? Nikasema mweupe. Hilo angalau ni kweli.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kwa mchungaji. Ni kijana, umri wake na wa binti yangu haupishani sana. Nilimuuliza kama mtu aliyefungwa fundo anaweza kufufuka. Kwanza alicheka, kisha akaona mimi sicheki.

"Mama, pale kaburini jiwe zima liliviringishwa. Uzi ni kitu gani?"

"Hilo nalijua."

"Sasa kinachokusumbua ni nini?"

"Nilikusudia," nikamwambia. "Nilitaka asiamke."

Akavuta kiti karibu. Nikamweleza yote, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nikamwambia kila Jumapili nasimama na wenzangu nakiri kwamba wafu watafufuliwa, na tukifika hapo sauti inanikauka. Wengine nawataka. Mama yangu mzazi namtaka hata kesho asubuhi. Lakini yeye akiamka, anaamka yupi, yule wa kwaya au yule wa nyumbani?

Mchungaji akasema mtu anafufuka akiwa mpya. Nikamuuliza kama huyo mpya atakumbuka. Kama hakumbuki, basi ni mtu mwingine, mimi nina haja gani naye? Na kama anakumbuka, atapata wapi uso wa kunitazama? Mchungaji akajikuna kichwa. Nikamwonyesha mkono, nikamuuliza kama siku hiyo utanyooka. Hapo akachangamka. Akasema Bwana mwenyewe alipofufuka alikuwa bado na alama za misumari, na rafiki zake aliwaonyesha. Alidhani amenifariji.

"Yaani hata huko nakwenda na mkono huu?"

Akasema atalitafakari. Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia, na mwavuli nikausahau kwake.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Fundi ameweka ndoo chini ya tundu na anaita hayo matengenezo.

Jumatatu, 31 Machi

Mama anakohoa. Anasema ni vumbi. Vumbi gani, na nje ni tope mpaka magotini?

Jumamosi, 5 Aprili

Jirani yetu muuguzi amemsikiliza kifua, akaniita pembeni. Mapafu. Tumempeleka hospitali.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumerudi naye nyumbani. Daktari alisema moyo umechoka, mapafu yamejaa, umri nao umekwenda. Dawa aendelee nazo, lakini tumweke mahali pazuri na watu wake wawe karibu. Nilielewa. Kazi yangu inanikutanisha na watu wanaotoka kuambiwa maneno hayohayo.

Binti yangu amefika jioni na basi, amelowa chapachapa. Amemkumbatia bibi yake akasema, "Bibi, utamsalimia Baba." Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo visafi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mama ameniomba nimshonee shuka lake sasa hivi, akiwa anaona. "Wenzangu wote umewashonea wakiwa wamefumba macho. Mimi nataka kukagua." Fundi kanipa kitambaa kizuri kuliko vyote, na pamba mpya ya mto. Nashonea kando ya kitanda, mchana, dirisha likiwa wazi kidogo. Ananikosoa pindo. Miaka thelathini alikuwa mpishi wa shule, amezoea kusimamia watu.

Naona haya kuandika hivi, lakini nampenda. Baada ya marehemu kuondoka ningeweza kumrudisha kwa ndugu zake. Hata wazo lenyewe halikunijia.

Ijumaa, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Tulirudi kutoka ibada ya Ijumaa Kuu saa saba. Binti yangu akaenda duka la dawa, nikabaki na Mama. Alikuwa anapumua kwa shida, lakini akili yake ilikuwa timamu. Nilikuwa napiga pindo la mwisho. Akasema, "Mnilaze ubavuni kwa mwanangu. Siku hiyo nikiamka, miguu yangu hii haina nguvu. Ataninyanyua." Nikasema ndiyo, Mama. "Na uzi wangu uwe sawa na wake. Nisije nikachelewa nikamkuta ameshaondoka."

Nikaweka sindano chini. Sikupanga. Leo kanisani nilikuwa nimesikia habari za aliyekufa bila hatia, na aliyekuwa akinijia kichwani muda wote ni aliyekufa na hatia, anayesifiwa. Nikasema, "Mama, sikumwachia uzi. Nilimfunga. Mafundo matatu. Nimekudanganya tangu mwezi wa tatu."

Nilingoja anilaani. Mvua ilikuwa inapiga bati, nikadhani labda hajasikia, nikajiandaa kusema tena. Kumbe amesikia.

"Kwa sababu ya mkono?" akauliza.

Nilimkodolea macho. Mkono ule hatujawahi kuutaja ndani ya nyumba hii ila kwa jina la bafu.

"Chumba changu na chenu ni ukuta mmoja," akasema. "Nilikuwa nasikia. Nilikuwa naongeza redio."

Nikaikumbuka redio ile. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mpira, vyote kwa sauti ya kupasua ukuta. Nilikuwa nadhani masikio yanamwisha, nikawa namwonea huruma. Nilimpeleka hata akapimwe masikio! Alikaa mbele ya daktari akajifanya hasikii filimbi.

"Nisamehe, mkwe wangu. Siku nyingine sina."

"Nimekusamehe, Mama."

Neno lilitoka bila kukwama. Nikamkumbatia, tukalia, na mifupa yake ilikuwa miepesi mno mikononi mwangu. Binti yangu aliporudi alitukuta hivyo akadhani tunaagana. Nilijisikia mwepesi, naapa. Nilisema moyoni, sasa aende kwa amani, na mimi nibaki kwa amani.

Jumamosi, 19 Aprili

Ameamka. Hata Jumapili hakuisubiri.

Saa moja asubuhi nimemkuta amekaa kitako kitandani, anauliza nani kasogeza ndara zake. Akataka chai, sukari iwe ya kutosha. Muuguzi amekuja mbio, amemsikiliza kifua, amemsikiliza tena. Anasema dawa zimefanya kazi. Binti yangu anasema ni muujiza. Mimi nimeshika kikombe chake tu.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Kanisa lilijaa, nyimbo mpaka madirisha yanatikisika. Habari za Mama zilikuwa zimetutangulia na kila mtu ananipa mkono, hongera, hongera, Mungu amewatembelea. Nikacheka kwa meno yote. Ndani nilikuwa na hofu, na naiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilimsamehe mtu anayekufa. Huyu anayekunywa chai sijui kama nilimsamehe.

Jumatano, 23 Aprili

Mama ametembea mpaka mlangoni. Mto wa jeneza ameuchukua, anaulalia. Anasema mto mzuri namna hii kuuozesha ardhini ni dhambi. Shuka nimelikunja nikalirudisha karakana. Fundi alinitazama kwa huruma, akaniambia, "Mimi miaka yote naomba waamke. Sijawahi kufikiria wakishaamka watakaa wapi."

Ijumaa, 25 Aprili

Hatutazamani machoni. Tunaongea habari za chumvi na sabuni.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nimefanya jambo baya, tena sijutii. Au najutia. Sielewi.

Nilitoka kazini nimelowa, nikaingia, nikasikia redio. Haikuwa hata kwa sauti kubwa. Nilikwenda moja kwa moja nikaing'oa kwenye umeme. Mama akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna nini? Nilikuwa nalia ukutani kwako, wewe unasikiliza matokeo ya mpira! Ungegonga tu ukuta. Ungekohoa. Ungeita hata kuomba maji ya kunywa, angeacha, alikuwa anakuogopa wewe peke yako duniani! Nilisema mengi, nikafika mpaka mahali sikujua nimehifadhi maneno. Binti yangu alikuwa ametoka, namshukuru Mungu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, polepole, "Ulitaka nife?"

"Ndiyo! Ungekufa siku ile mambo yangekuwa yameisha!"

Nimemwambia hivyo mama mkwe wangu, mimi, kwa mdomo huu. Naye akanijibu, "Hata mimi nilitegemea hivyo."

Tukabaki tumesimama na redio katikati yetu. Angenitukana ningejua la kufanya. Nikaenda kubadili nguo.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua. Jeneza moja. Uzi niliuacha, lakini nilikaa nao mkononi kwa muda mrefu, mpaka ndugu za marehemu wakaanza kukohoa.

Jumamosi, 3 Mei

Mchungaji kaniletea mwavuli. Anasema amelitafakari. Nikamuuliza amepata nini. Akasema kwa kweli hajapata, ila jambo moja: wale rafiki zake Bwana, kabla ya kuonyeshwa alama, walikuwa wamejifungia ndani kwa woga, na walikuwa wamemkimbia siku anauawa. Naye akawarudia haohao. "Fikiria aibu yao, Mama. Mtu uliyemwacha afe, anaingia ndani, anakwambia amani." Sijawahi kuisikia hivyo. Siku zote nilidhani walifurahi tu.

Nikamwambia basi hadithi hiyo ni ya mama mkwe wangu, mimi siyo yangu. Akasema labda. Akakataa chai, akaondoka bila mwavuli, nikamkimbiza nao njiani.

Jumatano, 7 Mei

Kiongozi wa kwaya amepita kukumbusha. Mama kamwambia yuko tayari. Alipoondoka nikamwambia, "Mama, sema habari za sauti yake, basi. Mtoto atakuwepo." Aliendelea kukata kucha.

Jumapili, 11 Mei

Waliimba nyimbo nne. Nyimbo nzuri, sitasema uongo. Kisha Mama akashikwa mkono mpaka mbele. Alikataa kiti. Naandika maneno yake kama nilivyoyasikia, kabla hayajaanza kubadilika kichwani.

"Mwanangu aliimba vizuri. Mmesema kweli, nami nawashukuru. Nyumbani alimpiga mke wake. Mkono ule wa kushoto aliuvunja yeye, kwa mlango. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikaongeza redio ili nisisikie. Nilipokaribia kufa nikamwambia mkwe wangu haya, akanisamehe. Halafu nikapona, nikaona aibu, nikatamani yabaki pale kitandani. Lakini mmenipongeza wote kwamba nimeamka. Kama nimeamka ili niendelee kunyamaza, nimeamkia nini? Naamini mwanangu atafufuka. Sitaki afufuke aje kuimba tu. Nataka afufuke ajibu, na mimi nisimame karibu yake nijibu yangu."

Akarudi kukaa. Mtu mmoja kule nyuma akasema "Amina" kwa mazoea, kisha nadhani akatamani ardhi immeze. Kiongozi wa kwaya alisimama na karatasi yake ya wimbo wa tano, akakaa tena. Binti yangu akatoka nje kwenye mvua.

Na mimi? Nilimkasirikia Mama. Mkono ni wangu, aibu ni yangu, nani kamruhusu kuitandaza mbele za watu? Nilitaka kutokomea. Na papo hapo nilikuwa nimeuweka ule mkono juu ya benchi, wazi, bila kuufunika na kitenge, na sikuwa nimeuweka hivyo mbele ya watu kwa miaka mingi. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu, ambaye sijawahi kuongea naye zaidi ya salamu, alisogea akakaa karibu. Alinong'ona, "Hata mimi siogi sana, dada, lakini nateleza." Nikacheka na kulia kwa pamoja mpaka kamasi zikanitoka.

Jumatatu, 12 Mei

Binti yangu haongei na mtu. Niliweka chakula mlangoni kwake, sahani ikarudi imeliwa nusu.

Jumatano, 14 Mei

Amekuja jioni, akaniambia nimpe mkono. Akaugeuzageuza kama kitambaa anachofikiria kununua. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unampenda."

"Bado nampenda," akasema, akaanza kulia kwa hasira. "Ndiyo kinachoniudhi." Sikumwambia aache. Hata mimi sijui nimefikia wapi. Leo nikifikiria mafundo yale siyaonei tena haya, wala siyafurahii. Wakati ule sikuwa na mlango mwingine wa kufunga.

Kesho anarudi kazini kwake. Amemuaga bibi yake kwa kichwa tu. Mama amesema itachukua muda, na muda kidogo anao.

Jumapili, 18 Mei

Mvua leo ilikuwa manyunyu tu, halafu jua. Kanisani tulipofika pale pa wafu watafufuliwa, nilisema. Sauti haikuwa kubwa, lakini nilijisikia mwenyewe.

Tulikaa mlangoni baada ya kula, mimi na Mama, miguu juani. Tulikuwa kimya, kimya cha kawaida, cha watu walioshiba. Akaniuliza bila kunigeukia, "Akiamka, utataka kumwona?"

Nilifikiri kweli, sikutaka kumpa jibu la adabu. Miaka yote ile, akiingia tu mlangoni mimi ndiye niliyekuwa nawahi kumsalimia, nikasikiliza ataitikiaje, ili nijue siku yangu itakwishaje.

"Sijui, Mama," nikasema. "Aamke, sawa. Lakini mimi sianzi. Safari hiyo yeye ndiye aanze kunisalimia."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole.

"Nitamwambia," akasema. "Mimi ndiye ninayetangulia."